Mkebe Mmoja kwa Bomba la Watafiti

Bado nashtuka nikikumbuka, na mimi si mtu wa kushtuka ovyo.

Ilikuwa miaka ya themanini, kwetu karibu na Kanyangi. Nilikuwa nimemaliza shule na sina kazi walipokuja watafiti: wawili wa chuo kikuu, wawili wa ofisi ya maji, na mzungu mmoja aliyekunywa chai bila sukari. Walikuwa wameungana kuchunguza mito yetu ya mchanga, ile inayokauka juu wakati wa kiangazi huku chini ikificha maji. Walikuwa na uwezo wa kujenga ukuta mmoja tu wa kuzuia mchanga na maji yake, ama kwetu ama ng'ambo, Kalamba. Palipokauka zaidi ndipo ungejengwa. Wakachimbia bomba refu mchangani, wakanifundisha kuteremsha kamba na kuandika imelowa hadi wapi. Nilipima kila siku saa tatu asubuhi, akina mama wakishaondoka na mitungi yao.

Mwaitu, mama yangu, alipanga foleni kwenye visima vya mchanga tangu alfajiri. Goti lake lilikuwa limevimba kama boga. Mimi niliutaka ule ukuta kwa sababu ya lile goti, basi.

Kiangazi kikakaza. Visima vikachimbwa hadi mtu akiingia huoni kichwa chake. Lakini kamba yangu ilitoka imelowa palepale, wiki baada ya wiki. Nikaandika nilichokiona. Mzungu akanisifu kwa mwandiko safi, nami nikavimba kichwa.

Siku ya baraza wakatangaza: Kalamba. Kwetu, walisema, mchanga una maji ya kutosha. Masikio yangu yaliziba. Maji ya kutosha, na watu tunachuja tope kwa leso!

Kesho yake niliwahi mtoni kwa hasira, nia yangu ni kulipiga teke lile bomba. Nikaganda. Kila mama aliyejaza mtungi alipitia kwenye bomba, akafunua kifuniko, akamimina mkebe mmoja, akafunika. Mwaitu alikuwa wa nne.

Desturi hiyo nimeikuta: ukiwa na maji, hupiti kisima kikavu cha mwenzako bila kukiachia mkebe mmoja, kwa maana maji huita maji. Sikuwahi kuwaza kwamba bomba nalo wangelihesabu kisima. Na chini lilikuwa limeziba kwa tope, walichomimina kikinywea polepole tu, siku hadi siku.

"Mwaitu, mnafanya nini?" nilipiga kelele.

"Si hii ni kisima ya wageni wako?" alinishangaa. "Tangu wachimbe hatujaona wakiteka hata tone. Tukasema tuwasaidie, maji iite ingine. Wasiseme umewaonyesha mahali mbaya, wakufute."

Nikamweleza. Akakaa chini mchangani, mtungi mgongoni.

Nilikwenda ofisini kwa watafiti. Mmoja wa wale wa ofisi ya maji alinisikiliza hadi mwisho, akashika kichwa. Ripoti ilikuwa imetiwa sahihi na wote watano, na saruji ilikuwa imeshateremshwa Kalamba.

Wiki iliyofuata niliwakuta akina mama bado mtoni. Mwaitu alifika kwenye bomba, akanyoosha mkono hadi kwenye kifuniko, akaurudisha. Akapanda ukingo akichechemea. Nikateremsha kamba. Ilitoka kavu hadi ncha, nami nikaandika.