Jibu Lililotumwa Rukuba

Yunis Maige, binti wa wakulima wa pamba wa Bunda, alikuwa fundi wa kompyuta Kigera, mjini Musoma. Hakuwa mtu wa kujisifu, lakini ile kazi ya boti ilimtia kiburi kidogo. Chama cha wenye boti ziendazo kisiwa cha Rukuba kilichoka kupigiwa simu kutwa, kikamwomba atengeneze kitu cha kujibu meseji.

Yunis akaweka kwenye kompyuta yake programu ya kufundishia modeli ya akili bandia. Akaipa maelezo ya API ya chama, yaani maandishi yanayoeleza mfumo wao unaweza kuombwa nini: kutaja ratiba, kukata tiketi, kuita boti ya dharura. Programu ikatunga yenyewe mifano ya maombi, ikaifundisha modeli ndogo kuchagua huduma ya kuita kwa kila meseji. Alipoijaribu, haikukosea. Mzee Masatu, aliyekuwa akipokea simu, akaambiwa abaki nyumbani.

Masika yalikuwa yameanza wakati Nyangi, mke wa mvuvi wa Rukuba, alipoanza kutoka damu akiwa na mimba kubwa. Mdogo wake, Boke, akaandika kama anavyoongea siku zote: "Dada anatokaga damu tangu asubuhi. Boti inapitaga saa ngapi?"

Modeli ikashika swali la saa, ikaita ratiba. Jibu likarudi papo hapo, la adabu kabisa: boti itapita kesho asubuhi, karibu sana.

Nyangi alifika hospitali siku iliyofuata akiwa hai. Mtoto alikuwa ameshafia tumboni.

Yunis alizipata habari kwa mzee Masatu. Akafungua ile mifano ya dharura, akaisoma kwa mara ya kwanza kwa makini. Yote ilikuwa kama barua za ofisini: naomba msaada wa usafiri wa dharura. Hakuna hata mmoja ulioongea kama watu wa ziwani, wala kama yeye mwenyewe akiwa kwao Bunda. Alikuwa ameipitisha kwa kuitupia macho tu, kwa sababu ilikuwa mingi na Kiswahili cha mifano hiyo kilikuwa safi.

Hezron, mwenyekiti wa chama, alimtaka aseme mtandao ulikuwa chini. Yunis aliizima modeli, akapanda gari kwenda Butiama, ambako Nyangi alikuwa akiuguzwa kwa mama yake.

Boke alimpokea nje, karibu na zizi. Akasikiliza maelezo ya Yunis hadi mwisho, kisha akasema polepole, "Nilipoambiwa kesho asubuhi, nilimwambia dada avumilie, wenye boti wameshajua hali yake. Kumbe hakuna aliyesoma?"

"Hakuna," Yunis alisema. "Ilikuwa kompyuta. Mimi ndiye niliyeifundisha."

Boke akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu, akatoka na kusema dada yake hataki kumwona. Hakumtukana. Alimsindikiza mpaka barabarani, wakaachana.

Mzee Masatu amerudi kwenye simu, na baadhi ya wenye boti wananung'unika. Hezron huuliza modeli itawashwa lini. Yunis humwambia kwamba meseji zote lazima zisomwe na mtu kwanza, na hapo mazungumzo hukwama. Boke alimwandikia mara moja tu, akitaka kujua kama kile kitu bado kinajibu watu. Yunis akamjibu kuwa kimezimwa, akaongeza pole.