Mbegu Nyingi za Kaka Yangu

Kaka yangu mkubwa alitoka hospitali akitembea kama mtu aliyeteuliwa kuwa waziri. Alikuwa amekwenda kupima mbegu zake kwa shingo upande, baada ya mkewe kupimwa kila kitu na kuonekana hana tatizo. Majibu yalisema mbegu zake ni nyingi, zi hai, na zinaogelea. Basi. Muuza mawese wa Mwandiga, ambaye maisha yake yote hajawahi kusoma maandishi marefu kuliko bango, siku hiyo akageuka mtaalamu wa uzazi.

"Mimi nimejaa," aliwaambia shangazi zetu waliokuwa wakimsubiri uani, nyumbani kwetu Ujiji. "Daktari mwenyewe kashangaa."

Daktari hakushangaa. Mimi nilikuwepo. Alimwambia kuwa wingi ni jambo moja na kazi ni jambo jingine, kwamba vipimo vya hapa Kigoma havioni kila kitu, na kwamba yeye na mkewe wangefanya vizuri kumwona bingwa Dar es Salaam. Kaka alikuwa ameshafika mlangoni.

Shangazi zangu ni wawili, na sijapata kuwasikia wakisema neno lililowagharimu kufikiri. Mkubwa alimgeukia wifi yangu, aliyekuwa akiparua samaki wa ziwani, migebuka, kando ya jiko, akamwambia kwa Kiha ili neno lichome vizuri: "Ingumba." Mgumba. Mdogo akatikisa kichwa kukubali, kama anavyokubali kila kitu.

Wifi alinawa, akapika, akawapakulia. Wakala samaki wake, wakalamba vidole, kisha wakaendelea kumjadili kana kwamba hayupo.

Kabla ya mvua kuanza alikuwa ameshapewa talaka. Nilimsindikiza stendi mimi peke yangu, akapanda gari la kwao Kalinzi. Kaka hakutoka kumuaga. Alisema ana wateja.

Harusi ya pili ilikuwa na muziki mkubwa kuliko ya kwanza. Bibi harusi alikuwa binti wa Simbo, mpole, mcheshi, na shangazi zangu walimpapasa tumbo kwa macho tangu siku ya kwanza. Mwaka ukapita. Ukapita mwingine. Tumbo likabaki vilevile, na safari hii hata shangazi mkubwa aliona haya kutumia neno lile lile. Akatafuta jingine: yule wa Kalinzi kaloga. Mdogo akatikisa kichwa.

Binti wa Simbo hakungoja zamu yake ya kutukanwa. Alifungasha nguo zake mchana kweupe, akaita bodaboda, akaenda kwao.

Ndipo kaka akanijia kwenye cherehani yangu, sauti chini. "Dada, twende Dar. Usimwambie mtu."

Bingwa alikuwa mama wa makamo mwenye subira ambayo kaka hakustahili. Alipima, akapima tena kwa mashine nyingine, kisha akatuita.

"Mbegu zako ni nyingi kweli," alisema.

"Nilijua!" Kaka akanitazama kwa ushindi.

"Subiri, ndugu yangu. Kwenye mkia wa mbegu kuna vijitundu vidogo mno, kama milango. Mbegu ikikaribia yai, homoni inayozunguka yai huifungua hiyo milango. Chembe za kalsiamu zenye chaji ya umeme zinaingia, na mkia unabadilisha mwendo, unaanza kupiga kama mjeledi. Ni kwa nguvu hiyo mbegu inapenya ganda la yai. Za kwako tumeziwekea homoni hiyo, hazikubadilika. Zinaogelea polepole vilevile. Inaelekea milango hiyo haifunguki."

"Kwa hiyo ni chakula?"

"Hapana. Mara nyingi mtu huzaliwa nayo."

"Lakini mimi nina nguvu, daktari. Muulize yeyote."

"Nguvu za kitandani ni habari nyingine kabisa. Wala wake zako hawahusiki."

Akaeleza kuwa njia ipo: mbegu moja huchukuliwa kwa sindano nyembamba na kuingizwa ndani ya yai, ikavushwa pale inaposhindwa. Lakini lazima awepo mke. Kaka akatazama sakafu. Njia nzima ya kurudi, kwenye treni, alilalamikia chai.

Tulipofika alinituma Kalinzi nikamwombee msamaha. Nilikwenda, lakini si kwa ajili yake. Nilimkuta wifi yangu, kwangu mimi bado ni wifi, anageuza kahawa juani. Nikamsimulia yote: milango, kalsiamu, mkia.

"Kwa hiyo nilikuwa mzima," alisema.

"Ulikuwa mzima tangu mwanzo."

Alifuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akashika tena kahawa yake.

"Anaomba urudi," nikasema, maana nilitumwa.

"Mwambie nimesikia, wifi."

Nilipeleka jibu hilo kama lilivyo. Kaka alingoja maelezo zaidi, hakuyapata. Kufikia Ijumaa alikuwa ameshawaambia shangazi zetu kwamba mashine za Dar ni mbovu, akanunua unga wa mizizi kwa mwanamume anayetangaza kwa kipaza sauti sokoni Mwandiga. Anaunywa kwenye uji, asubuhi na jioni. Shangazi mkubwa anaukoroga. Mdogo anashika kikombe.