Mgonjwa Aliyekatikia kwenye Mbuzi

Siku ya kwanza kuripoti chumba cha dharura pale Garsen, nilikuwa na sare mpya, cheti kipya na majivuno ya kuwatosha wauguzi watatu. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mfugaji mzee. Nikamtia kipimajoto mdomoni bila hata kumwamkia. Alikitoa, akakifuta kwa shuka lake, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomjibu, akasema anawapa pole wazazi wangu.

Sista wa Zamu, mkubwa wetu, alinivuta kando.

"Kijana, hapa kipimo cha kwanza ni salamu," alisema. "Uliza nyumbani, ng'ombe, mbuzi, malisho, mvua. Utajibiwa salama hata na anayekufa. Wewe usisikilize jibu, sikiliza pumzi."

Nilidhani ananitania. Kumbe mtu aliyebanwa na pumu, yaani njia zake za hewa zimejifunga, hawezi kumaliza sentensi. Akifika kwenye mvua bila kuhema, anaweza kungoja foleni. Akikatikia njiani, mkimbize kwenye oksijeni. Daktari mmoja mgeni alikuta nimeandika kwenye faili "hakuvuka mbuzi", akauliza kama mto umefurika.

Baadaye nilipopewa kazi ya kuwafunza wauguzi wapya, nilifundisha hivyo hivyo. Wengine walizidisha. Mmoja aliletewa mkulima aliyejikata panga mguuni, damu chapachapa sakafuni, naye muuguzi bado anamuuliza malisho. Ikabidi niongeze kanuni ya pili: damu haisalimiwi.

Sasa nimestaafu, nalima migomba yangu Golbanti, na sikumbuki hotuba hata moja ya kuniaga. Nakumbuka wiki ya mwisho, nilipoletewa Faith kutoka Thika nimfunze, binti mwepesi wa mikono na mchache wa maneno. Kwake salamu zilikuwa kupoteza wakati, maana kipo kibanio cha kidole kinachosoma oksijeni. Kweli kipo, betri zikiwepo. Asubuhi hiyo hazikuwepo.

Mzee Guyo alishuka kwenye bodaboda, akaketi wima na fimbo yake, anatabasamu. Kando yake mtoto aliyejitia punje ya mahindi puani alikuwa akilia kiasi cha kusikika Kipini. Faith akamkimbilia mtoto. Mimi niliona shingo ya mzee ikibonyea kila akivuta hewa.

"Msalimie mzee kwanza," nikamwambia.

Akageuka shingo upande. "Shikamoo mzee. Nyumbani wazima?"

"Salama."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe... iko... salama."

"Mbuzi je?"

"Mbuzi..."

Tabasamu lilibaki, neno halikuja. Midomo ilikuwa imegeuka kijivu.

Faith hakuningoja. Alimvalisha barakoa ya oksijeni, akawasha mashine ya mvuke wa dawa ya kufungua mapafu, akamshika mkono huku akihesabu pumzi zake. Mara mbili alipoteza hesabu, akaanza upya. Nami niliogopa pamoja naye, kwa sababu miaka yote ile haikunifundisha kutoogopa.

Kifua kikalegea polepole, rangi ikarudi midomoni. Mzee akaishusha barakoa.

"Mbuzi pia iko salama," akamalizia. Kisha akamtazama Faith. "Na kwenu, binti yangu? Mvua imenyesha?"

 Faith hakujua. Alimrudishia barakoa vizuri, akaniomba dakika mbili, akatoka nje. Kupitia dirishani nikamsikia akimpigia mama yake simu.