Upande wa Nyuma wa Cheti

Ancha Chaquir amefundisha darasa la tatu miaka kumi na mitatu, mitano ya mwisho hapa Quitunda, kaskazini mwa Msumbiji, kwenye nyumba za matofali walizojengewa watu waliohamishwa kupisha mradi wa gesi. Sauti yake ni ndogo. Akitaka watoto wanyamaze huishusha zaidi, na darasa zima huinama mbele kumsikiliza.

Mwanawe wa pekee hayumo darasani humo. Rachida, mwenye miaka kumi na mmoja, yuko Mtwara kwa mama yake mdogo tangu mwaka 2021, watu walipokimbia mashambulizi ya Palma. Siku zile Ancha alipita mikokoni, maji yakimfika kifuani, mtoto mabegani, cheti chake cha ualimu kimefungwa tumboni kwa kitenge cha kapulana. Walimu wenzake walitoka majini na uji wa karatasi. Cha Ancha kilitoka kikavu, maana baba yake alikuwa amekitia plastiki.

Mzee Chaquir anashona kofia. Hajui kusoma. Binti yake alipomaliza chuo, mzee alikipeleka cheti kimyakimya duka la fotokopi, akarudi nacho kimefungwa mbele na nyuma, kinang'aa kama kioo. Pwani hii ya chumvi na mchwa, karatasi inayopendwa hufungwa hivyo: ya kuzaliwa, ya ndoa, hata kadi ya chanjo.

Mwaka huu mdogo wake Ancha alituma sauti kwa simu. Kituo kimoja cha lugha huko Mtwara kinatafuta mwalimu wa Kireno. “Hicho Kireno unachogombezea mbuzi, dada, huku watu wanakisomea.” Mkuu wa kituo alikubali kumngoja hadi Julai, ila cheti chake kitambuliwe kwanza na wakubwa wa elimu wa huko. Nao hawakipokei mpaka nyuma yake kiwe na muhuri wa nchi kilikotoka, wa kuthibitisha kwamba sahihi zilizo mbele ni za kweli.

Ancha hakuwaza mshahara. Aliwaza kusuka nywele za Rachida asubuhi kabla ya shule. Akaomba ruhusa, akapanda gari la Pemba, mji mkuu wa jimbo lao, penye ofisi ya mihuri.

Ofisini alimkuta Dona Lurdes, mama mnene wa Mueda mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Alikigeuza cheti, akagonga muhuri pembeni kwa kujaribu, kisha akapitisha kidole. Buluu yote ikahamia kidoleni.

“Umeona, senhora professora, mwalimu wangu? Wino haushiki.”

“Lakini cheti unakiona, mama. Kila kitu kinasomeka.”

“Nakiona vizuri. Hata samaki wa kwenye friza ya kioo namwona, lakini kumpika siwezi.” Akamrudishia. “Omba kingine chuoni. Miezi sita, labda saba. Au kitoe humo ndani.”

Ilikuwa Mei.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Gaspar, kijana wa fotokopi. Gaspar alikishika kwa ncha za vidole.

“Professora, mashine yangu inajua kufunga tu. Kuna mtu alilazimisha kukibandua cha kwake. Maandishi yakabaki kwenye plastiki, karatasi ikatoka nyeupe. Mimi sitaki laana ya mwalimu.”

Ancha alikusudia kumficha baba yake. Lakini Quitunda nyumba zinasikilizana, na kabla ya adhuhuri mzee alikuwa mlangoni, kofia ambayo hajaimaliza mkononi.

“Nasikia nilikuharibia.”

“Hukuniharibia, baba. Bila wewe ningekuwa sina hata cha kukataliwa.”

Mzee hakucheka. Aliketi mkekani, akakiomba cheti, akakipapasa pande zote mbili.

“Wanataka kugonga upande gani?”

“Wa nyuma.”

“Na jina lako liko wapi?”

“Mbele.”

“Basi mbele tusipaguse.”

Ancha alimtazama. Alikuwa amekiwazia cheti kizima, ama kifunguliwe chote ama kisifunguliwe. Wazo la nusu halikuwa limemjia.

Kazi ilichukua asubuhi mbili. Mzee alikilaza kifudifudi juu ya kitambaa, akaipitisha pasi ya mkaa iliyokaribia kupoa, kisha akaingiza sindano ya kofia kwenye ukingo, kidogo kidogo, kama anayetoboa vijitundu vya ua la kofia. Ancha alisimama nyuma yake.

“Nenda kaangalie sufuria,” mzee alisema. “Macho yako yananisukuma mkono.”

“Sufuria haina kitu.”

“Kaangalie hivyohivyo.”

Pembeni chini, ngozi ya karatasi ilianza kuinuka pamoja na plastiki. Mzee aliacha hapo, akasema bismillahi, akahamia pembe nyingine na kuanza upya. Asubuhi ya pili plastiki ya nyuma ilitoka nzima. Karatasi ilibaki imeparuzika, ina manyoya kama jani la mboga ya maboga. Mbele, jina la Ancha Chaquir lilikuwa bado nyuma ya kioo chake.

Dona Lurdes alipokiona tena alivaa miwani. Alipitisha kiganja mgongoni mwa cheti, polepole.

“Nani kafanya hivi?”

“Baba yangu. Anashona kofia.”

“Mwambie amshonee mume wangu moja. Kichwa chake kikubwa lakini.” Akaandika mistari miwili, akagonga. Wino ulinywewa, ukatambaa kidogo pembezoni, ukatulia. Herufi zote zilisomeka. “Usikunje. Usikiguse mpaka kikauke.”

Ancha aliketi kwenye benchi la korido akikipulizia, watu wakipita.

Mzee alimngoja nyumbani na swali moja: akitie plastiki tena?

“Usikitie, baba. Nakuomba.”

Akamshonea mfuko wa kitambaa cheupe cha kofia, wenye kifungo kimoja. Ni mfuko huo alioukumbatia pale mpakani, Namoto, akivuka mto kwenda kukipeleka cheti kwa wakubwa wa elimu.

Majibu yalikuja wiki ya mwisho ya Juni: cheti kimetambuliwa. Kituo kilikuwa bado kinamngoja.

Asubuhi ya kwanza ya kazi, Mtwara, Rachida aliketi chini katikati ya magoti ya mama yake, kitana kikipita kichwani. Alikuwa ameufungua mfuko na kukigeuza cheti upande wa nyuma.

“Mbona huku kumechunika?”

“Babu yako alikuwa anatafuta njia,” Ancha alisema. “Inamisha kichwa, tutachelewa.”