Msimu wa Mwisho wa Timu ya Kiwanda

Nilikwenda Urusi kusomea kilimo, si kucheza mpira. Sisi ni watu wa Kidete. Babu aliletwa na kazi ya reli, baba akabaki kulima bondeni, na mimi nikawa mrefu kuliko wavulana wote wa darasa letu. Nilipokuwa sekondari Kilosa nilicheza mpira wa pete, basi. Ufadhili ulipopatikana, sikufikiri kwamba urefu wangu ungenifaa kitu huko.

Mwaka wa pili mwanamke mmoja alinisimamisha kwenye foleni ya chakula chuoni. Akanitazama toka miguuni hadi kichwani kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Unacheza kikapu?"

Nikamwambia nacheza pete.

"Hiyo siijui," akasema. "Njoo kesho."

Alikuwa kocha wa klabu ya wanawake ya mji ule. Mwanzoni nilimchosha. Kwenye pete ukidaka mpira unasimama. Nami kila nilipodaka nilisimama, wenzangu wakanipita mbio. Nikajifunza polepole, nikasajiliwa, nikawa mchezaji wa kulipwa, ingawa muda mwingi nilikaa benchi nimejifunika koti.

Historia ya klabu nilipewa na mama wa jezi. Ndivyo nilivyomwita mzee aliyefua na kukunja nguo zetu. Ujanani aliichezea timu ileile. Lugha yao haina shikamoo, kwa hiyo nilimwinamia kidogo kila tulipokutana, naye akanizoea. Siku moja baada ya mazoezi alinishika mkono tukapita kwenye korido ya picha.

Timu ilianzishwa na wanawake wa kiwanda cha matrekta, alinieleza. Walitoka zamu mikono ina grisi, wakacheza. Kiwanda kikawajengea ukumbi. Akanionyesha picha ya mwaka walipochukua kombe la nchi: yeye amebebwa juu, mdomo wazi. "Mji mzima ulikuja stesheni kutupokea," akasema. Kisha nchi yao kubwa ikavunjika, kiwanda kikafungwa. Tajiri mmoja akaichukua klabu, akachoka nayo, ikaangukia serikali ya mkoa. Picha za miaka hiyo zilikuwa za rangi, lakini waliomo hawakucheka sana.

"Na yetu itakaa wapi?" nilimuuliza.

Akagusa sehemu tupu ya ukuta, karibu na mlango wa choo. "Hapa."

Picha yetu haikupigwa. Msimu ulipoisha tuliitwa ukumbini, ofisa wa mkoa akatusomea karatasi fupi: klabu haitaendelea. Hakuna aliyelia isipokuwa kocha, naye alitoka nje kwanza. Mama wa jezi aliendelea kukunja, akizipanga jezi kwa namba kana kwamba Jumamosi kuna mechi. Nilikaa karibu yake nikamsaidia. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo.

Nilimaliza masomo nikarudi. Kazi niliyoomba serikalini haikutoka, nikafungua duka la pembejeo Mikumi, kando ya barabara kuu, nikiwauzia mbegu na dawa za nyanya wakulima wanaoshuka kutoka Vidunda. Mama nilimsimulia habari za klabu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Hao wenye kiwanda hawakuwa na watoto wa kuirithi?"

Nikajaribu kuanzisha timu. Fundi akanichomelea ringi mbili, mwenyekiti wa kitongoji akatupa kiwanja nyuma ya gesti, wasichana wa sekondari wakaja. Mmoja alitoka familia ya wafugaji, mrefu, mwepesi. Nilimfundisha kudunda mpira. Kabla hajaweza vizuri, baba yake alihamisha ng'ombe kufuata malisho, naye binti akaondoka nao. Halafu kiwanja kikatakiwa kwa maegesho ya malori. Nilimfuata mwenyekiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Watoto watacheza wapi sasa?"

"Kwani shuleni hawana uwanja wa pete?"

"Huu ni mchezo mwingine, mzee."

"Mpira ni mpira," akasema kwa upole, akaniaga kwa heshima zote.

Nguzo ziling'olewa wiki hiyohiyo. Wasichana walikuja tena, wakakuta malori, wakaacha kuja.

Mimi na mama wa jezi tulikuwa tukiandikiana kwenye simu. Mara ya mwisho alinitumia picha ya ukumbi. Siku hizi ni ghala la samani. Nilimuuliza picha zile za koridoni zimepelekwa wapi. Alijibu kwamba hajui, kwamba alikwenda kuuliza na mlinzi hakumruhusu kuingia. Tangu hapo ujumbe wangu haufiki. Wachezaji wenzangu walitawanyika, na sina mtu mwingine kule wa kumuuliza kama bado yu hai. Hapa Mikumi hakuna anayejua kwamba klabu ile iliwahi kuwepo, na sioni kwa nini wajue. Asubuhi nafungua duka, wateja wanataka dawa ya viwavi, nami nawapimia.