Kenge Uvunguni mwa Mama

Juzi niliona kenge akivuka mtaro, pua yangu ikajaa harufu ya ubani wa zamani.

Alasiri moja ya utoto wangu, nyumbani kwetu Temeke, kenge aliingia uvunguni mwa kitanda cha mama, aliyekuwa bado ndani ya arobaini na mdogo wangu mchanga. Baba alisimama mlangoni na panga, amevaa kaptura yake ya ukarani. Bibi, mama mzazi wa baba, alikuwa amemkataza kuvuka kizingiti hadi siku arobaini zitimie.

“Mama, niingie?” baba alimuuliza bibi.

“Thubutu!” Bibi akasukuma chetezo cha ubani uvunguni.

Kenge alichomoka, akapita katikati ya miguu ya baba. Baba akatupa panga nje, akaruka, akatua ndani. Akamnyanyua mwanawe kwa mara ya kwanza, na bibi akageuka kukitoa chetezo uvunguni.

Sasa najua kenge alikimbia moshi tu. Lakini kwa miaka mingi niliamini alikuja kumwingiza baba ndani.