Nilifundisha jinsi Mungu alivyokuja kukaa kwetu, huku nimekwepa chumba cha mgonjwa

Wakuu, heshima zenu.

Hii ninayoandika imetokea juzi juzi tu hapa Dodoma na sijaongeza chumvi. Majina nimebadilisha. Aibu sijabadilisha, ni yangu mwenyewe. Walokole, Wakatoliki, ndugu zetu Waislamu na nyie msioamini chochote, wote someni, ila mawe mnirushie nikishamaliza.

Mimi naishi Nkuhungu, kazi yangu iko Mtumba kwenye ofisi moja ya serikali. Jioni nikivua kitambulisho cha ofisini navaa uongozi wa kanisa. Nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu na mwalimu wa neno. Nimesoma theolojia kidogo, ile ya masomo ya jioni, basi kichwa kikavimba.

Mada yangu kipenzi ni umwilisho, yaani Mungu kufanyika mwanadamu. Hapo mniachie uwanja. Asili mbili za Kristo, mabishano ya mababa wa kanisa, vyote ninavyo, tena kwa slides.

Kwa wasiojua, jumuiya yetu inasali nyumba kwa nyumba kwa zamu. Mwenye zamu anafagia, anaazima viti kwa majirani, anaandaa chai au karanga. Kwa mtu wa hali ya chini siku hiyo ni kubwa, maana kanisa linaingia mlangoni kwake.

Sasa kuna wazee wawili, Mama Yoeli na mumewe. Walikuja mjini kutoka Kibakwe baada ya mzee kupooza upande mmoja, ili wawe karibu na hospitali. Wamepanga chumba kimoja mtaa wa nyuma yangu. Baba Yoeli hatoki kitandani. Kule kwao alikuwa mwimbishaji kanisani, siku hizi hata salamu inamtoka kwa shida.

Zamu yao iliangukia wiki ya mwisho kabla ya Krismasi.

Wakuu, niseme tu. Kile chumba nilishawahi kuingia. Mgonjwa wa kitandani, dirisha dogo, na joto la Dodoma la kipindi kile mnalijua. Kuna harufu. Mama wa watu anafua kila siku, lakini ugonjwa ni ugonjwa. Niliomba sala ya haraka haraka nikatoka nje kuvuta hewa.

Nikafikiria somo langu la Krismasi. Nikafikiria na jamaa mmoja wa ofisini, bosi kidogo, ambaye nilishamwalika aje anisikie. Nikaona hapana, pale hapafai.

Mama Yoeli hana smartphone, kwa hiyo hayumo kwenye group la jumuiya. Hapo shetani akanipa akili. Au tuseme akili ilikuwa yangu, shetani tunamsingizia mengi.

Kwenye group nikaandika: "Wapendwa, Mama Yoeli ameomba zamu yake tuihamishie kwangu kwa sababu ya hali ya mgonjwa. Tumwelewe."

Halafu nikamfuata yeye. Nikamwambia, "Mama, wenzako wameona wakupumzishe. Tutasalia kwangu."

Akaniangalia. "Wameona wenyewe?"

"Ndiyo mama, wanakuonea huruma."

"Haya, mwalimu. Ila mzee nilishamwambia mnakuja."

"Mweleze tu, atakuelewa."

Mmeona mchezo? Jumuiya inajua mama ndiye aliyeomba, mama anajua jumuiya ndiyo iliyoamua. Mimi katikati, mtu mwema. Nilirudi nyumbani najiona fundi.

Ibada ikafanyika sebuleni kwangu, kwenye masofa. Nilifundisha siku hiyo, acheni. Nikasema Mungu hakutupigia kelele kutoka juu, alishuka akakaa kwetu, akala chakula chetu, akanuka jasho letu. Hiyo ya jasho niliipenda mwenyewe nikairudia. Watu amina, amina. Bosi naye anatikisa kichwa.

Mama Yoeli alikuja na bakuli la karanga za kuchemsha. Zamu ilikuwa yake, asingeweza kuja mikono mitupu. Tulipomaliza akina mama wakawa wanamshika mkono: "Pole mama, ombi lako tulilielewa."

Akageuza shingo akanitazama. Mimi nikainama nachomoa waya wa projekta ambao wala haukuwa na haraka.

Akachukua bakuli lake, akaaga. Aliniheshimu mbele za watu, mimi ambaye sikumheshimu hata kwa siri.

Njia ya mwongo ni fupi wakuu. Dada mmoja wa jumuiya, tumwite Salome, kwa nia njema kabisa alikwenda kumwona mgonjwa. Akamkuta peke yake, mama yuko bombani. Katika kumfariji akamwambia, "Baba, tulitaka sana kuja, ila mama alituomba tusije, tukamwelewa."

Kumbe siku ile ya zamu mzee alinyolewa ndevu, akavalishwa shati jeupe, akakaa anasubiri kuimba na watu. Mkewe alishindwa kumwambia kwamba wenzake wameona wasije kwao. Saa ilipofika akamwambia tu imeahirishwa.

Sasa anasikia mkewe ndiye aliyezuia. Akaelewa jambo moja: mke wangu ananionea aibu, ananificha.

Akageukia ukutani. Akakataa kula kutoka mkononi mwa mkewe. Na huyu ni mtu wa kulishwa kwa kijiko, na wa kumlisha ni huyo huyo mama, hakuna mwingine.

Asubuhi moja natoka kwenda kazini, nikamkuta Mama Yoeli getini kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwalimu, baba yenu hali chakula. Jana hakula, na leo kafunga mdomo. Namwambia si mimi niliyeomba, hanisikii. Njoo umwambie wewe."

"Jioni mama, sasa hivi nachelewa kazini."

"Njoo, mwanangu. Mimi sina ugomvi na wewe. Nataka ale tu."

Jioni sikwenda. Na kazini siku hiyo tulitoka mapema.

Nilichofanya, nilirekodi voice note nikamtumia Salome akamsikilizishe mzee. "Bwana asifiwe Baba Yoeli, kumetokea hali ya kutoelewana kidogo katika mawasiliano..." Lugha ya ofisini kabisa. Ukiisikiliza mwanzo mpaka mwisho hukuti neno "nilidanganya".

Salome akanipigia baadaye. Akasema mzee amesikiliza yote, kisha akauliza swali moja kwa shida: "Mwenyewe yuko wapi?"

Wakuu, mwenyewe niko wapi? Nilikuwa nimekaa kwenye sofa, mtaa wa pili kutoka kwake.

Miaka yote nafundisha umwilisho, sikuwahi kuuelewa mpaka hapo. Mungu angeweza kuishia kutuma ujumbe. Manabii alikuwa nao, malaika alikuwa nao. Lakini alikuja mwenyewe, akaingia kwenye chumba chenye harufu, akazaliwa humo. Mimi mwalimu wa hayo mambo natuma voice note kwa mgonjwa asiyekula kwa sababu yangu. Mtu mzima hovyo.

Nikaenda. Na imani nayo nilikuwa naifundisha vibaya, nilidhani ni kuwa na majibu. Jioni ile sikuwa na jibu hata moja, sikujua nitafukuzwa au nitatukanwa, nikawa naenda hivyo hivyo.

Nilimkuta Salome bado yupo. Nilitamani aondoke kwanza. Hakuondoka.

"Shikamoo baba."

Kanipa mgongo.

Viti hakuna, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikasema yote. "Baba, mama hakuomba tusije. Na wenzetu hawakukataa kuja. Ni mimi. Huku nilidanganya, na huku nikadanganya. Nilikimbia harufu ya chumba chenu."

Hilo la mwisho lilipotoka nikamwona Mama Yoeli anashusha macho, anavuta shuka analinyoosha. Anafua kila siku yule mama. Hata katika kutubu nikawa nimemuumiza tena. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee akaanza kujigeuza, kidogo kidogo, mpaka uso ukatoka ukutani. Mimi hakunitazama kabisa.

"Mama Yoeli."

"Abee."

"Uji... upo?"

"Upo, baba."

Mama akatugeuzia mgongo anatafuta kijiko, na kijiko kilikuwa pale pale mbele yake. Alichukua muda kugeuka.

Nikainuka taratibu niondoke, nikiona kazi yangu imekwisha. Mama akasema, "Unakwenda wapi? Mshike kichwa asipaliwe."

Nikamshika. Kichwa kizito, shingo imelowa jasho. Uji mwingine ulimwagikia mkononi kwangu. Akanywa mpaka bakuli likaisha, na mama akawa anamfuta mdomo, wanatazamana wao wawili. Mimi nilikuwa mkono tu.

Nje Salome akaniambia, "Mwalimu, umenifanya nikavunje nyumba ya watu kwa mdomo wangu."

Nikaandika ukweli wote kwenye group, nikaacha uenyekiti na ualimu. Tiki za bluu zikajaa. Jumuiya imeshakwenda kwa Mama Yoeli, walijaa hadi nje, na mzee akaanzisha wimbo. Mimi nilikuwa nje na waliokosa nafasi.

Nilichojifunza: ukimwona mtu anaeleza sana jinsi Mungu alivyoshuka, muulize yeye mwenyewe ameshuka kwa nani. Na kama kuna mgonjwa unamtumia "pole" kwa simu na uko mtaa wa jirani, nenda. Hutajua la kusema. Nenda tu.

Sasa jumuiya wananitaka nirudi kufundisha, wanasema nimeshasamehewa. Mama Yoeli ananiita mwanangu kama zamani. Lakini Baba Yoeli bado hajaniambia neno hata moja. Nikitoka kazini napita, namshika kichwa anakunywa uji, naondoka.

Nyie mngerudi kufundisha? Semeni bila kunionea huruma, nasoma zote. Saa hizi natoka kidogo, uji wake hupoa haraka.